Mrija wa Babu Hewani

Watu wa Biharamulo mjini bado wananisimamisha dukani waniambie kwamba msimu wa kwanza ndio ulikuwa mtamu. Wanamaanisha kile kipindi cha vichekesho kilichorushwa moja kwa moja kila Jumamosi jioni na kituo kidogo cha kebo, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wanasema misimu iliyofuata ilipoa. Wananiuliza kwa nini niliacha, na kabla sijajibu wanaanza kucheka wenyewe, huku mikono yao inafanya kama inamwaga ndoo. Hapo nachukua chumvi niliyoinunua, naondoka.

Sina hamu ya kuwa mpole katika jambo hili. Mchungaji ameniomba niwe mpole, mjomba wangu ameniomba, na hata mume wangu. Wote nimewaambia wasubiri.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kamera mbili, mapazia meusi ya kuzuia jua, na viti vya plastiki kwa watazamaji waliopanda ngazi kuja kutuona ana kwa ana. Hakukuwa na kurekodi wala kukata. Ukisahau maneno, mji mzima unakuona unavyotokwa jasho, na walio mbali wanakuona kwenye simu. Mimi nilikuwa fundi cherehani sokoni. Niliingia kwa mlango wa kushona mavazi ya waigizaji, nikaanza kupewa sehemu ndogondogo, kisha kubwa kidogo. Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na nalisema hili ili ijulikane kwamba hasira yangu si ya mtu aliyekuwa anapita tu.

Mwenye kipindi tulimwita bosi. Alizaliwa Biharamulo, akakulia Biharamulo, na bibi zake wamezikwa Biharamulo. Angekuwa mgeni ningesema hajui. Alijua.

Kila Jumanne tulikaa mezani kila mmoja akasimulia visa vya kwao, na bosi akachagua kipi kitaigizwa Jumamosi. Jumanne moja nikasimulia habari za bibi yangu, mzaa mama, anayeishi Ntobeye upande wa Ngara.

Bibi yangu na mimi tulikuwa watani, kama kila bibi na mjukuu wake, ila sisi tulizidisha. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, basi mimi na yeye tulikuwa wake wenza. Nilikuwa nikifika uani nasema, "Shikamoo, mke mwenzangu," naye anajibu, "Marahaba, mwizi wa waume." Kisha ananiuliza nimekuja kumwibia nini safari hii, na mimi namwambia ameshazeeka, aniachie nyumba. Jina langu la ubatizo hakulitumia hata siku moja. Alisema hilo ni la padri, akalitumie padri.

Babu alipofariki, ilibaki habari ya mrija wake. Kwetu wazee hunywa pombe ya mtama kwa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu wa tete, wenye kichujio cha nyasi zilizosukwa chini ili usivute machicha. Mrija wa mtu hauazimwi. Katika ukoo wetu mzee akifa, siku ya kuanua matanga mrija wake huvunjwa mbele ya watu, ili ajue kikao chake kimekwisha asirudi kukitafuta. Siku hiyo ya babu, bibi alisema mrija umepotea. Watu wazima wakatafuta uvunguni na nyuma ya mitungi, na wote walijua anadanganya.

Baada ya miezi kadhaa mrija ukaonekana chunguni. Bibi aliketi na wazee wenzake, akatumbukiza wake, akatumbukiza na wa babu pembeni yake, na hakuna aliyeuliza. Walinywa kama watu waliosahau kuhesabu. Ilipofika nusu ya chungu, bibi akaugeukia ule mrija akaugombeza: "Kunywa taratibu, wewe mzee. Hata kufa hakujakukomesha ulafi." Wazee wakacheka hadi wakashika mbavu. Ikawa desturi yake kila pombe ilipoiva, na wenzake walikuwa wanaingojea kuliko pombe yenyewe.

Nilipomaliza kusimulia, meza nzima ilikuwa inacheka, na mpiga picha mmoja alijifuta macho kwa shati. Bosi akasema, "Hiyo ndiyo Jumamosi yetu." Nikaigiza mimi mazoezini, Jumatano na Alhamisi. Nilishona gauni la kitenge kama la bibi, lenye mifuko miwili mikubwa mbele, nikakata tete mwenyewe kando ya mto, maana walitaka kuleta mirija ya soda.

Ijumaa bosi akanipa lile gauni mkononi, akaniambia nilipanue nyonga. Sehemu ya bibi imekwenda kwa mwenzetu mmoja wa kiume, yule aliyekuwa akijaza mto kwenye makalio kila akiigiza mwanamke. Tulimwita Mto. Nikauliza kwa nini. Bosi akasema, "Mwanamke akiigiza bibi, hicho si kichekesho. Hicho ni bibi."

Mimi nikapewa sehemu ya jirani: napiga hodi, naingia na ndoo ya maji, nasema, "Bibi, maji yako haya," naweka ndoo, natoka.

Nililipanua gauni. Nilikuwa nimeshona usiku na mchana kwa ajili ya kipindi kile na bado nilifikiri Jumamosi ijayo itakuwa zamu yangu. Niliuma meno nikashona.

Jumamosi Mto alitoka nyuma ya pazia akiwa tayari. Walikuwa wamempaka rangi ya mdomo kuzunguka macho, kope juu na kope chini, macho mekundu kabisa.

Sijui kama inabidi nieleze. Katika nyanda hizi zetu kuna vikongwe walio kaburini kwa sababu ya macho mekundu. Moshi wa kuni mbichi miaka hamsini unafanya macho ya mtu yeyote yawe vile, hata ya mchungaji angekuwa anapika. Lakini kikongwe mwenye macho hayo akiwa mjane, na mtoto wa jirani akiugua, watu wanaanza kunong'ona uchawi, na minong'ono ikishaanza kuna mapanga yanayosikiliza. Bosi alijua haya. Watoto wa wilaya hii wanayajua kabla ya kujua kusoma.

Nikamvuta pembeni. "Yafuteni yale macho," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Dada, tulia. Huu ni utani tu."

Hilo neno ndilo lililonichoma. Utani una mwenyewe na una sheria. Unamtania mtu aliye mbele yako, anayeweza kukurudishia, na akikurudishia unameza. Akinyamaza, unajua umemuumiza, unaacha. Kumchukua kikongwe asiyekuwepo, asiyejua hata kama anasemwa, ukampaka rangi ukamweka mbele ya watu wacheke, huko hakuitwi utani. Tafuta jina lingine, ila utani wetu utuachie.

Taa zikawaka. Tukaenda hewani.

Mto akatumbukiza mirija miwili. Hakuugombeza mrija kama bibi. Aliuita. Alilegeza sauti kama mzimu, akachanganya r na l makusudi kama wanavyosema watu wa kwetu, na mtu aliyejificha nyuma akavuta uzi ili mrija utikisike. Watazamaji wakapiga vigelegele. Akachukua ungo, akaukalia, akauliza ni nyumba ya nani waende kuila usiku ule, yeye na marehemu wake. Kisha akaisogelea kamera na kuyatoa macho yale.

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu.

Nilipiga hodi, maana ndivyo ilivyoandikwa. Nikaingia. Nikafika alipokaa, na badala ya kuiweka ndoo, nikammwagia yote usoni. Kisha nikamkamata kichwa na kumsugua macho kwa upindo wa kanga yangu, kwa nguvu zangu zote, nikimwambia, "Futa! Futa macho hayo, si ya kwako!" Rangi ikachuruzika hadi kwenye kola ya gauni nililoshona. Alijaribu kuinuka, mto ukachomoka ukaanguka chini umelowa.

Nilitegemea kimya. Nilitegemea hata kupigwa. Chumba kizima kilicheka. Walicheka kama sijawahi kusikia watu wakicheka, wengine wakaanguka na viti vyao vya plastiki. Nilikuwa nalia, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ananinyooshea kidole huku machozi yanamtoka kwa raha. Walidhani ndiyo sehemu yangu.

Tulipotoka hewani bosi alinikumbatia. "Umetuua," akasema. "Umetuua kabisa. Kila Jumamosi utammwagia." Nikavua kanga iliyolowa nikamtupia miguuni, nikashuka ngazi. Walimpata msichana mwingine. Wakamwaga maji kila Jumamosi mpaka msimu ukaisha, na Mto akazidi kupendwa.

Kuna watu wameniambia kosa ni langu, kwa nini nilisimulia habari za nyumbani. Nakataa. Nilisimulia kwa upendo, mezani, kwa watu niliokula nao. Mtu akikupa maji ya kunywa ukayamwagia sumu, usije kumuuliza kwa nini alichota.

Kile kipande cha ndoo, watu walichokirekodi kwa simu zao, kilisafiri. Kilifika Ngara kabla yangu, kikaingia kwenye simu za vijana wa Bukiriro na Ntobeye, na kwa kuwa mimi nilijulikana kwetu, hawakuhitaji kuambiwa kikongwe yule ni nani. Gauni lenye mifuko miwili walilijua. Mjomba akanipigia. Alisema tu, "Njoo umwone bibi yako."

Nilifika mchana, jua likiwa kali. Mtaani watoto waliokuwa wakicheza waliniona wakaanza kumwagiana maji yasiyokuwepo. Uani kwa bibi kulikuwa kumefagiliwa. Chungu kilikuwa mahali pake na pombe ilikuwa imeiva, harufu yake unaisikia kutoka njiani, lakini vigoda vilikuwa vimesimamishwa ukutani kama siku ya mvua. Hapakuwa na mzee hata mmoja.

Bibi alikuwa ameketi barazani amevaa miwani myeusi ya jua, mikubwa, ya vijana. Mjomba alimnunulia mnadani. Alimwambia asiivue akiwa nje.

Mjomba akanisimulia kwa sauti ya chini tukiwa bado njiani kuingia. Wenzake walikuwa wamepungua mmoja mmoja. Mmoja alisema ana kikohozi, mwingine alisema ameokoka, ameacha pombe. Kisha mtoto wa nyumba ya tatu akashikwa na homa. Ni homa ya kawaida, alitibiwa zahanati akapona, lakini siku zile za homa watu walikuwa wanapita mbele ya uwanja huu wakiangalia ndani. Ndipo bibi akatuma watu waitwe. Walikuja wote, wale wenye kikohozi na wale waliookoka. Akautoa mrija wa babu aliokuwa akiuhifadhi darini, akauvunja mbele yao juu ya goti lake. Ulikuwa umekomaa, haukuvunjika mara ya kwanza. Akautia motoni, akasubiri uishe, akawauliza kama wameona. Wakasema wameona. Wakanywa kidogo kwa adabu, wakaaga mapema, na hawajarudi.

"Sasa yuko salama," mjomba akasema.

Nilikuwa na matusi mdomoni ambayo hayakuwa yake yeye.

Nikaingia uani. Njia nzima kutoka Biharamulo nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nilijua nikipata tu neno moja la kumrudisha, mengine yatakuja yenyewe, maana hakuna mara hata moja bibi yangu aliwahi kukubali kushindwa maneno. Nikapiga magoti mbele yake. Nikajiona katika miwani ile, mara mbili, mdogo sana.

"Shikamoo, mke mwenzangu," nikasema. "Miwani hii umepewa na nani? Mume wetu kageuza tu mgongo, umeshapata bwana mwingine?"

Mkono wake ukapapasa mfuko wa gauni, ukatoka mtupu, ukatulia pajani. Nikangoja aniite mwizi.

"Marahaba," akasema, na akaniita kwa jina la padri.