Bonde la Bi Mwanapili Lasubiri Jua la Ubavuni

KONDE, Pemba, Juni 1959 – Jua la asubuhi linachungulia kati ya mikarafuu. Ngwali Matano, mpiga picha, amesimama kwenye umande, kamera kifuani, na bado habonyezi kitu. Anangoja mwanga ulipige bonde la mpunga ubavuni.

"Likishapanda utosini, basi tena," anasema bila kuinua macho.

Mwezi uliopita Bi Mwanapili, aliyelima bonde hili tangu usichana wake, alimwomba ampigie picha ya bonde lenyewe. Magoti yamemshinda, kesho lori litampeleka Mkoani, akaishi kwa bintiye. Alitaka aondoke na bonde lake.

Ngwali alikuwa na harusi ya kuwahi. Akapita adhuhuri, akapiga, akaenda zake. Jua la utosini halikuacha kivuli. Kilima, kingo za mpunga na njia ya kisimani, vyote vikalala sawa kama mkeka.

"Nilijua itatoka hivyo," anasema. "Nikampelekea vivyo hivyo."

Bi Mwanapili alimlipa shilingi zake tatu, akamwongezea mayai, kayafunga kwa majani ya mgomba yasije yakavunjika njiani. Picha akaitundika ukutani, mahali wanapokaa wageni.

Juzi Ngwali alikwenda kumjulia hali, akamkuta jirani, Bi Kazija, ameikodolea macho.

"We Ngwali, bonde la watu umelipiga pasi?"

"Mwache mwanangu," Bi Mwanapili akadakia. "Siku ile jua lilikuwa kali. Nawe macho yako hayo, lini yaliona? Ngwali, kaa, baba, unywe uji."

Alikaa, anasema, akaunywa uji ule. Afadhali angetukanwa.

Sasa mwanga umefika. Kila ukingo unang'aa upande mmoja, wa pili unaingia giza. Bonde linazama, kilima kinasimama, na njia ya kisimani inaonekana ikishuka. Ngwali anabonyeza mara moja, kisha anavua kofia na kujifuta uso, ingawa hakuna joto.

Akitoka hapa ataisafisha picha chumbani mwake. Kesho, kabla ya lori, anataka kuitungua ile ya zamani kwa mkono wake mwenyewe.

"Shukrani sizitaki," anasema. "Nataka Bi Kazija aitazame hii, na Bi Mwanapili asiwe na haja ya kunitetea."