Jiko la Sita la Dada Mkubwa

Fundi majiko tunayepakana naye ukuta hana futi wala rula. Hupima bati kwa shibiri, kisha hulisemesha kabla ya kulikata: "Tulia, bibi, haiumi." Mkasi wake wa bati ni mzito, na kila akikata hutoa ulimi nje na kuupinda upande ule ule mkasi unakoelekea. Ukimtania, atakujibu kwamba ulimi ndio unaoshika njia. Jiko likikamilika huliinua, hulichungulia kwa jicho moja kama daktari wa masikio, na kutangaza kwamba hili litaivisha maharage kwa konzi moja ya mkaa. Mtaa mzima unamwamini, isipokuwa dada yake mkubwa wa nyumba ya pili, anayepikia kuni kwenye mafiga na kukohoa mpaka sisi majirani tunashika vifua vyetu. "Hivyo vikopo vyako wape watoto wachezee," humwambia. Fundi amemtengenezea majiko matano. Yote dada ameyajaza udongo na kuotesha vitunguu. La sita alilipeleka juzi asubuhi, akaliwasha mwenyewe, akateleka sufuria, kisha akajibanza nyuma ya ukuta wetu, nyundo mkononi, akijifanya anatafuta msumari. Alikuwa anasikiliza. Sufuria ilichemka, kifuniko kikaanza kucheza, na kikohozi hakikusikika. Hatimaye dada mtu akapaza sauti: "Wewe! Najua uko hapo. Mkono wa hili jiko lako umepinda." Fundi akafuta macho kwa kiganja cheusi, akajipaka masizi hadi sikioni. "Nakuja, dada," akasema. "Nakuja kuunyoosha."