Nyaya Mbili za Juu

Dada yangu alikuwa ameamua kumwacha mume wake, na mimi ndiye niliyemsaidia kukunja nguo. Sisemi hivyo kwa majuto. Mtu akikwambia kwamba mwaka mzima anaongea na mumewe na hajibiwi, anamuuliza kama chai iongezwe sukari na mwenzake anaendelea kufuta spana kana kwamba hakuna mtu chumbani, utamshauri nini? Avumilie? Mimi sina moyo huo. Nilimwambia tumalize sare za shule tulizoahidi, halafu Jumamosi twende zetu kwa mama.

Chumba chetu cha kushonea na gereji ya shemeji vimetenganishwa na ukuta wa mabati. Miaka yote ya ndoa yao dada ameshona huku anasikiliza injini. Hajui kuendesha gari, hata baiskeli inamshinda, lakini likiwashwa gari upande wa pili yeye husema "Hilo bado" au "Hilo limepona" bila kuinua macho kwenye kitambaa. Mwalimu wake ni shemeji mwenyewe. Zamani gari lilikuwa likiingia getini, yeye yuko chini ya jingine, anapaza sauti kutoka hukohuko, "Plagi moja imekufa hiyo!" Usiku walikuwa wakibishana kitandani kuhusu magari ya watu mpaka wanacheka. Halafu hayo yakakatika, na dada akabaki anaongea na kisogo.

Ijumaa hiyo kinyozi wa mtaa wetu alileta gari lake. Kinyozi huyu amejaliwa vitu viwili: mdomo, na gari lenye injini ambayo mafundi wengi wanaikimbia. Haina pistoni. Ndani yake mna vyuma viwili vya pembetatu vinavyozunguka, na kila kimoja kina plagi zake mbili, moja juu na moja chini. Zile za chini ndizo zinazoanzisha moto, za juu zinafuata kuumalizia, na kila plagi ina waya wake. Ukipishanisha nyaya za juu, gari litawaka vizuri tu na litaondoka, ila halitakuwa na raha.

Kwa hiyo shemeji ana utaratibu wake. Anachomoa waya mmoja, anafungua plagi, anaanza kuizungusha mpya kwa vidole, ikishika ndipo anatia spana, kisha anarudisha waya palepale kabla hajagusa mwingine. Hata akiitwa katikati ya kazi, hakuna cha kuchanganya. Lakini siku hiyo aliingia stoo kuchukua plagi mpya, na kinyozi, kwa kiherehere chake, akazichomoa nyaya zote.

"Nimekurahisishia, fundi!" kinyozi alijigamba, shemeji alipotoka stoo.

Shemeji alimwangalia, akaziangalia nyaya zilizolala ovyo, akatikisa kichwa na kuanza. Mimi nilikuwa mlangoni napiga pasi. Niliona kitu kimoja nikakipuuza. Waya ukikaa sawasawa kwenye plagi hutoa mlio mdogo, tak, na siku zote shemeji alikuwa akishausikia mlio huo anaendelea na kazi. Leo kila waya aliuvuta, akauvuta tena, akainama kuuchungulia. Nikajisemea moyoni, uzee huo, acha umtese.

Kinyozi akawasha. Injini ikanguruma, lakini kila akikanyaga mafuta ilikuwa inasita kidogo, mfano wa mtu anayetaka kusema neno akalimeza. Shemeji akaweka kiganja juu ya injini, akatabasamu.

"Safi. Nenda nalo."

Upande wetu cherehani ya dada ikasimama.

"Hilo bado," akasema.

"Achana nalo, tumalize kola."

"Hilo bado, na yeye anasema safi!" Alinitolea macho. "Mdogo wangu, mimi anaweza kuninunia hata miaka kumi. Gari hawezi kulidanganya."

Akatoka. Nikamfuata mbio, nikijua leo ni leo, na nikiwa na maneno yangu mawili matatu tayari kwa shemeji. Dada alisimama nyuma ya mgongo wa mumewe, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Baba watoto, shati lako linawaka moto."

Kinyozi alizima gari, akaruka nje na kukwapua ndoo ya maji machafu. Shemeji aliendelea kupanga spana zake, kubwa mpaka ndogo.

Nimemwona dada akijifungua na nimemwona akizika, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alimzunguka mumewe akasimama mbele yake.

"Tangu lini?"

Shemeji alimtazama midomo. Kisha akamwona kinyozi na ndoo yake, akaniona mimi, akaelewa. Akakaa juu ya tairi.

"Mwaka jana. Lilianza sikio la kushoto." Alifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Fundi asiyesikia injini nani atampa gari? Nikasema, wewe ukijua, utaniona nimekwisha."

"Mimi nilijua umenichoka," dada akasema. "Nimekuchukia mwaka mzima, baba watoto. Nimekuchukia hasa." Na hapo akalia kwa sauti, bila kujifunika uso, mbele ya kinyozi ambaye habari ikimfika saa nne, saa sita imezunguka mtaa mzima.

Yale maneno yangu mawili matatu niliyameza. Nilikuwa na hasira bado, sema sikujua tena nimkasirikie nani.

Dada akajifuta kwa kanga, akainua mkono kuelekea boneti. "Inagugumia. Ukikanyaga mafuta inasita."

Shemeji akainuka. Alifuata kila waya kwa kidole tangu kwenye koili mpaka kwenye plagi, zile za chini kwanza, kisha za juu, na hapo kidole kikasimama. Akazichomoa zile mbili za juu, akazibadilishia nafasi, akamwashiria kinyozi awashe.

Injini ikaamka. Kinyozi akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Safari hii shemeji hakugusa injini wala hakuitazama. Alimkazia macho dada, kwa woga, kama mtahiniwa. Dada aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho bila kumhurumia, ndipo akatikisa kichwa kukubali.

"Haya, limepona," shemeji akasema, akashusha boneti.

Kinyozi akatoa kichwa dirishani, akamgeukia dada. "Samahani, mama. Sasa yeye amejuaje kwamba limepona?"

Dada alimgusa mumewe mkono na kumrudishia swali polepole, usoni kwake.

"Mwambie nimekuangalia wewe," shemeji akajibu, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani.