Kitabu Kilichokuja Bila Mwisho

Niliondoka Kawempe, mtaa wa Kampala, asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na wachuuzi wa mkaa walikuwa wakitokea ndani yake mmoja mmoja, kama watu wanaoumbwa pale pale njiani. Nilibeba mfuko mmoja wa nguo. Sikuwa nimegombana na mtu yeyote. Niliogopa tu kukaa siku nyingine katika nyumba ile, pamoja na mwanamume aliyekuwa ameketi sebuleni.

Mama mwenye nyumba alinikuta kwenye lango la mabati. Alisimama miguu mitupu kwenye tope, mikono kaikunja kifuani.

"Ile hadithi uliishia kwa beseni," aliniambia. "Sema ile inabaki, ndio uende."

Ili ieleweke alichokuwa akinidai, lazima nianze na vitabu.

Niliacha shule kidato cha pili, huko Nakuru, na tangu hapo miguu yangu haijapata kukubaliana na mahali. Nimekaa Busia, nimekaa Tororo, nimekaa Jinja. Kila mji, kitu cha kwanza nilichokitafuta, hata kabla ya chumba, kilikuwa mtu mwenye vitabu vya mapenzi: vile vyembamba vya Kiingereza, jaladani mwanamume kafungua vifungo vya shati na mwanamke kafumba macho. Navipenda mpaka leo. Napenda tajiri mwenye roho ya jiwe anayelainishwa na yaya wa mtoto wake. Napenda mahasimu wawili wanaorithishwa shamba moja. Napenda wachumba wa uongo wanaokuja kugundua, wakiwa wamechelewa, kwamba uongo umekwisha siku nyingi. Watu huniambia vitabu hivyo vyote ni kimoja. Ugali nao ni ule ule, na sijamsikia mtu akiulalamikia.

Raha yake ni kujua. Unajua watapatana, unachongojea ni njia watakayopitia. Nilivisoma mpaka nikafika mahali ambapo kurasa chache za mwanzo zilinitosha kusema nani atapatwa na homa na nani atamkanda kwa kitambaa cha maji. Sikudhani ujuzi huo una hatari yoyote.

Kawempe, mwenye vitabu alikuwa mama mmoja Mkenya kama mimi, mwenye kibanda karibu na soko. Vitabu vilimjia ndani ya marobota ya mitumba, akavikodisha. Kwa kuwa wasomaji wa Kampala walikuwa wamemwibia sana, alibuni njia yake. Kila kitabu alikikata sura ya mwisho kwa wembe, akaitia kwenye bahasha na kuining'iniza kibandani kwa kibanio cha nguo. Ukirudisha kitabu, unapewa bahasha, unakaa kwenye benchi, unasoma mwisho mbele yake. Vitabu vyote vilirudi. Ukipita jioni ungeona wanawake wamekaa safu kwenye benchi lile, mmoja analia, mmoja anacheka peke yake, na hakuna anayemwangalia mwenzake.

Nilipanga chumba cha uani kwa mke wa askari, mama kutoka kaskazini. Mumewe alikuwa amepelekwa huko huko kaskazini. Vita vilikuwa vimekwisha mjini, lakini vilikuwa vimehamia kwao. Mama huyo alikuwa ametoka kambi ya jeshi akapanga nyumba ile baada ya mumewe kuondoka, kwa hiyo pale mtaani hapakuwa na mtu aliyemjua mwanamume huyo kwa sura. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Habari za mume hazikuwa zimefika kwa muda mrefu, na jambo hilo halikutajwa katika nyumba ile. Tulizungumza Kiswahili, yeye chake cha kambi, mimi changu cha Nakuru.

Mchana, akichambua maharage, nilimsomea vitabu vyangu, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kadiri nilivyokwenda. Alivipenda kuliko mimi, lakini alivibishia. Tajiri anamnunulia msichana gauni, yeye anauliza kwa nini hakununua mabati. Wachumba wanakutana kisiri kwenye hoteli, yeye anaacha maharage.

"Hii msichana haina shangazi?" aliuliza. "Hakuna mtu ya kuuliza huyu kijana ni wa nani?"

Mwisho wa kila kitabu nilikwenda kuusoma kwenye benchi, nikamletea kwa mdomo. Alinisubiri kizingitini, na hakuniruhusu nivue viatu kabla sijamaliza.

Kisha kikaja kitabu kile. Mwanamke wa pwani fulani ya baridi anamngojea mume aliyekwenda vitani. Wanakijiji wanamshauri aolewe tena, naye kila siku anaweka kiti kimoja mkabala na dirisha. Mama wa kibanda hakutaka kunipa. Alisema kimetoka kwenye robota bila mwisho, kuna mtu huko kilikotoka aliyeuchana kabla yake. Nilikichukua vivyo hivyo, kwa sababu ya kile kiti.

Mwenye nyumba yangu hakukibishia hata mara moja. Alisikiliza bila kuchambua chochote. Tulipofika ukurasa wa mwisho uliobaki, alinitazama akingoja niende benchi, nikaenda. Nilikaa pale na mikono mitupu, kisha nikarudi na mwisho niliousuka njiani. Nilimwambia kwamba mume alirudi siku ya mvua. Hakupitia mlango wa mbele bali wa nyuma, kwenye migomba, na aliomba maji, si chakula. Mke hakumuuliza kitu. Alimketisha kwenye kile kiti, akaleta beseni, akamwosha miguu. Basi, mwisho.

Migomba ilikuwa ya uani kwetu. Huko kwenye kitabu hapakuwa na migomba. Hakuishtukia, au aliishtukia.

Baada ya hapo alihamisha kiti cha sebuleni akakiweka mkabala na dirisha.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha adhuhuri, mvua ya kufanya giza. Nilikuwa jikoni nikaona migomba inatikisika pasipo upepo, kisha akatokea mwanamume wa sare iliyochakaa na mabuti, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Alisimama chini ya mchirizi akaomba maji. Mwenye nyumba alikuja nyuma yangu, akamtazama kidogo, akamshika mkono na kumwingiza ndani. Nilimsikia akiburuta beseni.

Majirani walipiga vigelegele. Walimletea kuku na matoke. Yeye alisema asante, na zaidi ya hapo hakusema. Alikaa kwenye kiti. Asubuhi nilimkuta pale, mchana nilimkuta pale, na nadhani alilala pale, kwani kitambaa cha kiti hakikupata kupoa. Mkewe, kama nilivyomwita wakati ule, alimwekea sahani na kuiondoa ikiwa imeguswa kidogo pembeni. Alimwosha miguu kila siku ingawa miguu haikuwa imekwenda popote. Nyumba iliacha kuwa na sauti. Hata redio ya jirani ilisikika kama inatoka chini ya maji. Nilipopita mbele yake niliona macho yake yakinifuata na mdomo wake ukifunguka, kisha mwenye nyumba akaingia na mdomo ukafungwa.

Ndipo nilipoingiwa na hofu. Mtu yule alifanya yote niliyoyasema, na alipofika mahali niliponyamaza, akasimama. Vitabu vyangu vyote viliishia pale pale: mlangoni, kwenye kumbatio, kwenye machozi. Sijasoma hata kimoja kinachosema asubuhi yake mtu aliamka akafanya nini.

Basi pale langoni, mwenye nyumba alipotaka kinachobaki, sikuwa nacho. Nilimwambia sikijui. Alisema ninakijua. Nikatazama dirishani, nikaona bega la yule mtu, nikasema jambo la kwanza lililonijia, jambo ambalo mtu yeyote humfanyia mgeni na ambalo katika nyumba ile hakuna aliyelifanya.

"Halafu yule mwanamke akamuuliza habari za huko alikotoka."

Uso wake haukubadilika. Aliniangalia mpaka nikatazama chini, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Sikuingoja sauti yoyote. Niliteremka kuelekea Bwaise, nikapita kwa mafundi wa majeneza walioanza kazi mapema, na sikugeuka nyuma hata nilipojua kwamba mtu ananifuata, kwa mlio wa mabuti.

Alinifikia Mulago, chini ya ukuta wa hospitali, nilipokaa kupumzika. Alikuwa na begi lake begani. Alikaa mbali kidogo, kama mtu anayengoja zamu kwenye foleni.

"Ameniuliza," alisema.

Nilimjibu kwa heshima, nikimwita afande, kwamba sijui anazungumzia nini. Lakini nilijua.

"Mimi nilileta habari ya kifo," alisema. "Bwana yake alikufa mbele yangu. Kwetu hiyo habari hausemi mpaka mwenye nyumba akuulize huko unatoka kuko vipi. Niliomba maji, ningoje aulize. Hakuuliza. Alileta beseni."

Nilimuuliza kama mama yule alidhani kweli kwamba yeye ndiye mumewe. Aliyatazama mabuti yake. Wauguzi walipita na viatu vyao vyeupe.

"Marehemu kidole yake moja ya mguu ilikatika zamani. Yeye aliosha miguu yangu yote mbili, akashika kila kidole, akaniangalia. Halafu akaendelea kuosha."

Nikataka kujua kwa nini hakuondoka. Alisema angekwenda wapi na habari ya watu tumboni mwake. Kila asubuhi alidhani ataulizwa. Kila siku ilipopita bila swali, aliona anazidi kufanana na yule aliyekufa, na majirani walipomwamkia kwa jina la marehemu, alianza kuitika. Alfajiri ile, nilipofunga mfuko wangu, alifikiri kwamba nikitoka mimi, hataulizwa tena maisha yake yote.

Sasa wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa nyumbani, alisema, na kilio kimeanza. Nilisimama nirudi. Mtu haukimbii msiba, na mama yule alikuwa amenilisha kwa mkono wake. Askari alinizuia bila kunigusa.

"Amesema usikuje," aliniambia. "Amesema ukirudi utamwambia ingine, na yeye ataamini."

Hakukuwa na hasira katika maneno yale jinsi alivyoyasema, na ndiyo maana sikuweza kuyapinga. Nilikaa tena. Nilivilaumu vitabu, kisha nikaacha, kwa sababu hakuna kitabu kilichomwambia mama yule asiulize. Nilimwambia mimi.

Nilipoendelea na safari, aliendelea nyuma yangu. Sikumwalika, sikumfukuza. Tulipita mjini katikati ya watu na hakuna aliyetugonga bega. Walitupisha, sijui kwa nini. Alasiri tulifika Namuwongo, chini karibu na reli, ambako sikuwa nimewahi kukanyaga. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mapaa. Nikauliza chumba, nikaelekezwa kwa mama mnene aliyekuwa akikaanga mihogo mlangoni.

"Chumba iko moja tu, nyabo, na kitanda moja," alisema, akiniita mama kwa Kiganda, akitutazama wote wawili. "Lakini nyinyi si bwana na bibi? Ingieni, mvua inakuja."

Na mvua ikaja. Msomaji yeyote wa vitabu vile anaujua ukurasa huu. Wageni wawili, mvua, nyumba ya kulala imejaa, kitanda ni kimoja, na mwenye nyumba keshawaoza kwa kosa lake. Ni ukurasa ninaoupenda kuliko kurasa zote. Nilihisi ukinivuta kama mteremko unavyovuta mkokoteni. Sikuhitaji kufanya lolote isipokuwa kunyamaza. Nilipomtazama askari, alikuwa amesimama akiningoja, uso wake umeanza kutulia vile vile ulivyotulia kwenye kiti.

Nikamuuliza kama ana mke.

"Ninaye."

"Anajua uko hai?"

Alitazama reli. Maji yalimtiririka ndevuni.

"Hakuna mtu amemwambia," alisema, polepole, kama anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Alipandisha begi begani, akaniaga kwa kichwa, akarudi njia tuliyojia, kutafuta lori la kaskazini. Mvua ilimfunika kabla hajafika kwenye kona. Yule mama mnene alikuwa ameacha mihogo yake iungue.

"Nyabo, na mvua hii unaacha bwana yako aende hivyo?"

Nilimwambia huyo ni bwana wa mtu mwingine, kisha nikamwomba anionyeshe chumba.