Dakika Tano Kabatini

Citoyen Bwalya, yaani Ndugu Bwalya, mkuu wa maabara, alimletea Kasonde karatasi nyeupe na kalamu. Alimtaka aandike kwamba amesahau mlango wa kabati wazi, aombe msamaha, mambo yaishe. Kasonde aliisukuma ile karatasi upande wa pili wa meza.

Huo ulikuwa mwaka 1976, kwenye kituo kimoja cha mbegu nje kidogo ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasenga. Kasonde alikuwa amekitumikia miaka tisa. Mama huyu aliingia kama mfagiaji, na shule aliishia mwaka wa sita kwa masista. Lakini mkono wake ulikuwa mtulivu na jicho lake halikupitwa na kitu, ndiyo maana alipewa kazi ya kuotesha maharage ya majaribio: kuloweka mbegu, kupanga makopo, kupima miche kwa rula, kuandika tarakimu daftarini.

Bwalya alikuwa akiandaa ripoti ya kupeleka Kinshasa. Makopo ishirini yalikaa dirishani, ishirini mengine ndani ya kabati lenye giza tupu. Miche ya gizani hurefuka upesi, myembamba, ya rangi ya njano, shingo imepinda kama ndoana. Bwalya alishaandika sababu kabla ya jaribio kwisha: mwanga ni chakula, na mche wa gizani hurefuka kwa njaa.

Kasonde hakuamini. Siku ya nne alibinya zile nusu mbili za mbegu zinazobaki kwenye shina la mche, akakuta bado ni nene. Chakula kilikuwapo tele. Basi mwanga ulikuwa unafanya kazi gani nyingine? Tangu siku hiyo akawa anatoa makopo matano kabatini, anayaweka dirishani dakika tano tu, kisha anayarudisha gizani. Dakika tano hazimshibishi mtu wala mche. Hata hivyo, siku ya kumi ile miche mitano ilikuwa mifupi, shingo zimenyooka, majani yamekunjuka ingawa hayakuwa na ukijani wa kutosha.

Bwalya alipoiona alisema jaribio limeharibiwa, akaenda kuleta ile karatasi.

“Mulango haukubakia wazi, Chef,” Kasonde alimwambia. “Miye njo nilifungula. Kila siku dakika tano, na niliandika mu cahier.”

“Nani alikutuma?”

“Hakuna muntu. Mbegu ilikuwa ingali nene. Haikuwa na njala.”

Mwenzake Régine, aliyeosha vyombo vya maabara, alimsihi aandike hiyo barua, kwani wakubwa hawashindwi. Mume wa Kasonde, Kapya, fundi kwenye tanuru la shaba, alimwambia hivyo hivyo jioni ile. Kasonde alimwekea sahani yake mezani.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi, mzee Kalaba. Alimkumbusha kwamba kwenye friji ya maabara kulikuwa na kichupa cha unga wa homoni, ile inayotengenezwa na mmea wenyewe kuuambia mche urefuke. Akaeleza alivyofikiri: huenda mwanga, hata kidogo, unaufanya mche upunguze homoni yake. Kama ni hivyo, mche wa dirishani ukipewa tone la homoni iliyoyeyushwa ungerefuka juani kana kwamba uko gizani. Aliomba siku kumi. Kalaba alimuuliza itakuwaje akishindwa. Kasonde akasema ataondoka, ila barua ya kusema alisahau hataiandika.

Makopo yalipangwa ukumbini, watu wote wayaone. Safu moja ilipewa tone la homoni, nyingine tone la maji, zote kwenye jua moja. Bwalya alipita kila asubuhi bila kusimama. Ilipofika siku ya saba, rula haikuhitajika. Miche ya maji ilikuwa mifupi na imara. Ile ya homoni ilikuwa imerefuka hadi inaegemeana, juani.

Ripoti iliandikwa upya. Bwalya alimpa Kasonde nakala akague tarakimu. Jina lake halikuwamo. Alilitafuta ukurasa kwa ukurasa, ndipo akakutana na sentensi iliyosema kwamba kabati “lilifunguliwa kwa bahati mbaya.” Akairudisha bila kukagua chochote.

“Unataka nini tena?” Bwalya aliuliza.

“Jina yangu muliacha, muache. Lakini hii ya bahati mbaya, mutaitosha, muifute. Kama haitoke, tarakimu mutahesabu mwenyewe.”

Bwalya aliichukua ile nakala. Kisha alifuta maneno yale kwa kalamu na juu yake akaandika: “kwa makusudi.” Kasonde alisubiri mpaka wino ukauke, ndipo akaanza kukagua.

Jumatatu iliyofuata aliloweka mbegu mpya. Safari hii alitaka kujua kama dakika mbili zingetosha, na hakumwomba mtu ruhusa.