Mbegu za Nyasi na Ulimi Wangu

Juma lililopita, katika ofisi ya kilimo Kenyenya, mama mmoja aliweka nyasi kavu juu ya meza ya bwana shamba.

"Ulituambia tusilime, tupande mbegu humo humo kwenye nyasi za zamani. Hazikuota. Ng'ombe wangu amekufa kwa njaa."

"Lakini mama, nilisema kwanza ng'ombe walishwe zile nyasi za zamani mpaka ziwe fupi kabisa. Zikiwa ndefu, mbegu hukosa mwanga."

"Hilo halikusemwa."

Bwana shamba alinitazama. Kwenye mkutano wake na wakulima yeye alisema Kiswahili, nami ndiye niliyemtafsiria kwa Ekegusii, lugha yao. Jua lilikuwa kali, nikafupisha.

Nilikiri kosa. Mama alikusanya nyasi zake polepole.

"Ungetuambia yote, mwanangu."

Ninyi wasomaji hunisifu kwa kuandika kwa ufupi.