Nondo wa Ikolo

Nilikuwa likizo kwa mama, Ikolo, wakati wa mvua, na kazi yangu ilikuwa kuanika kokoa kila jua likichungulia na kuirudisha ndani kila wingu likikohoa. Kando ya shamba kulikuwa na kichaka ambacho hakuna aliyekijali. Majani yake yalikuwa yamechorwa mistari myeupe iliyojipindapinda, kana kwamba mtoto amepitisha chaki.

Mimi kazi yangu ni wadudu. Nilijua kwamba ndani ya kila mstari kuna kiwavi, mdogo kuliko uzi, anayeishi kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini ya jani na kula njia yake humo humo. Nikachuma majani kadhaa, nikayatia kwenye chupa za jamu ambazo mama hutunzia mbegu za mboga.

“Sasa mbegu zangu zikalale wapi?” akauliza.

“Kwa muda tu, mama.”

“Muda wako naujua.”

Asubuhi moja, kabla hata ya chai, nikamkuta amesimama kwenye ukuta wa chupa: nondo mfupi kuliko punje ya mchele, mabawa rangi ya chungwa yenye mikanda ya fedha, ncha zake zimejaa manyoya laini kama kope. Nikapiga kelele. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Nyoka?”

“Nondo! Nondo mpya, mama! Huyu sijamwona kwenye kitabu chochote.”

Mama akaitangaza habari hiyo sokoni kwa namna yake. Kesho yake mjomba, ambaye alikuwa anajenga nyumba Busale, akafika na pikipiki ya kukodi. Nikamwamkia kwa heshima, “Mugonile,” akaitikia haraka haraka na kuketi.

“Nasikia una nondo mpya. Ni za milimita ngapi? Kumi au kumi na mbili?”

“Yangu haifiki hata nne, mjomba.”

Akasikitika kweli. “Basi hiyo si nondo, mwanangu. Huo ni waya wa kufungia.”

Nilipomwonyesha chupa alicheka hadi akavua kofia, akanywa chai, akaondoka akisema nikipata za chuma nimkumbuke.

Nilirudi kazini na nondo watatu tu. Majike wawili walikuwa wazuri. Dume mmoja nilimvunja mwenyewe nikijaribu kumtandaza mabawa kwenye sindano, tumbo likasagika, na hilo lilikuwa pigo, maana kwa nondo wa aina hii rangi haitoshi. Wanaofanana kwa mabawa wapo wengi. Anayetofautisha ni dume, tena kwa vijindoano vilivyo mwisho wa tumbo lake, anavyomshikia jike. Mtaalamu mmoja mzee wa ng'ambo niliyemtumia picha akajibu kwa upole kwamba huenda ni nondo anayejulikana zamani kutoka kusini zaidi. Hata hivyo, akasema, niletee dume.

Nikaomba ruhusa, nikapanda basi hadi nyumbani. Nilipofika kando ya shamba, kichaka hakipo. Pamefyekwa pakang'aa kama uwanja.

“Nilikusafishia,” mama akasema kwa fahari. “Niliona unapapenda pale, nikasema binti akija apate pa kukaa.”

Nikamshukuru, “Ndaga fijo,” nikaenda nyuma ya nyumba kuvuta pumzi. Siku zilizofuata nilizunguka kingo za mashamba hadi ufukweni mwa ziwa bila kuona hata mstari mmoja. Mama alipoelewa alichokifyeka, alianza kunipikia vyakula vya mgonjwa.

Jumapili tukaalikwa Ngonga kwenye kipaimara cha mtoto wa shangazi. Tulivaa sare ya vitenge, tukapangwa kwa picha mbele ya uzio wa mimea. Mpiga picha alipokuwa anasema tutabasamu, niliona jani begani kwa shangazi. Lilikuwa na mstari mweupe. Uzio mzima ulikuwa wa kichaka changu, na karibu kila jani limechorwa!

“Simama vizuri,” mama akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeshapiga magoti. Kwenye picha zote za siku ile naonekana mgongo tu. Shangazi mwingine, aliyetoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, aliuliza kama nimeangusha hereni, akainama kunisaidia kutafuta, na wageni wengine wawili wakainama pia. Niliondoka Ngonga na sufuria ya pilau iliyojaa majani.

Safari hii madume walitoka wengi. Maabarani nilikata tumbo la mmoja, nikalichemsha kwenye dawa mpaka nyama ikayeyuka, nikaweka kilichobaki chini ya hadubini. Vijindoano vyake vilikuwa na meno mawili. Yule wa kusini ana moja. Mama akapiga simu wakati huo huo kuuliza ninafanya nini, nami kwa furaha nikamweleza.

“Yaani tumekusomesha miaka yote hii ili uchungulie uchi wa wadudu?”

Mtaalamu mzee naye alitazama picha, akatuma neno moja, hongera. Uchunguzi wa vinasaba ukakubaliana naye. Nikaandika maelezo ya nondo huyo, ukubwa kwa rangi, mshipa kwa mshipa, nikamwacha dume mmoja makumbusho awe kielelezo cha wenzake wote. Nilitaka kumpa jina la mama. Akakataa katakata, hataki kuitwa mla majani. Kwa hiyo akapewa jina la Ikolo, likavishwa mkia wa Kilatini.

Makala ilipochapishwa niliipeleka nyumbani pamoja na nondo mmoja hai niliyemtoa kwenye majani ya uzio wa Ngonga. Mama aliifunua, akaiweka pembeni. Nikampa lenzi ya mkononi, nikamwonyesha namna ya kuisogeza karibu na jicho. Alitazama muda mrefu.

“Kumbe anapendeza hivi,” akasema mwishowe.

Kisha akatoka uani na lenzi yangu. Nilimkuta ameinama kwenye shina la kokoa, akitazama ua dogo lililotoka kwenye gome, na nilipomwomba anirudishie akanipungia mkono nisubiri.